Ampea 120 za Baba Watoto

Baba watoto alirudi nyumbani Tegeta na skuta ya umeme iliyotumika, na mdomoni ana namba moja tu: 120. Muuzaji alikuwa amemfunulia kiti, akamwonyesha betri sita nyeusi zilizopangwa chini yake, kila moja imeandikwa 12V 20Ah, kisha akapiga hesabu palepale: ishirini mara sita, ampea 120. “Mzee, hii unakwenda Bagamoyo na kurudi bila kugusa chaja.” Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyempeleka kwenye duka hilo, alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Jumamosi ile kulikuwa na harusi Bagamoyo. Mimi na watoto tulipanda daladala. Mama mkwe alikataa katakata: mwanawe amenunua chombo, yeye abanane na watu kwa sababu gani? Akapanda nyuma na sare yake ya kitenge, kapu la visheti na vileja likawekwa mbele, miguuni mwa dereva.

Kilichofuata nimesimuliwa na wote wawili, na katika jambo moja hawapingani: vile vijiti vya chaji kwenye dashibodi. Walipoondoka vilikuwa vitano. Kwenye mwinuko wa kwanza baada ya Bunju vikashuka hadi viwili. Waliposimama kununua maji vikapanda tena vinne, na baba watoto akaamini vile vinne. Kumbe vijiti vya skuta nyingi za bei ya chini havipimi umeme uliobaki. Vinapima volti za wakati ule tu. Mota ikivuta kwa nguvu volti zinashuka, ukiachia mkono zinapanda, hata kama betri imebakiwa na tone.

Mapinga ikazima. Wakapumzika kidogo chini ya mwembe, ikawaka, ikaenda hatua chache, ikazima moja kwa moja. Mama mkwe akajitwika kapu, mwanawe akasukuma, hadi kirikuu kimoja kikawahurumia. Walifika harusini juu ya kirikuu, skuta imelazwa pembeni yao, na ndoa imeshafungwa.

Siku ya pili yake fundi alikaa barazani kwetu na mita yake, na nitamshukuru siku zote kwa subira aliyokuwa nayo na familia hii. Alituonyesha nyaya: chanya ya betri ya kwanza imeunganishwa na hasi ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya sita. Huo ni mfululizo. Betri zikifungwa kwa mfululizo, volti zinajumlishwa, ampea hazijumlishwi. Kumi na mbili mara sita ni volti 72, ampea zinabaki 20. “Ni watu sita wanapokezana ndoo moja,” alisema. “Mikono ni mingi lakini ndoo ni ileile. Na mmoja akichoka, wote wanasimama.”

Binti yetu wa kidato cha tatu ndiye aliyemalizia hesabu, kwenye mgongo wa daftari la fizikia. Volti mara ampea-saa ni wati-saa: 72 mara 20 ni 1,440. Wati-saa 1,000 ni uniti moja ya LUKU. Kwa hiyo skuta nzima, ikiwa mpya na imejaa, ina umeme wa karibu uniti moja na nusu. Hapo ndipo mama mkwe alipoelewa, tena kabla ya wanawe. Ampea peke yake haikuambii kitu. Skuta ya volti 48 yenye ampea 20 ina wati-saa 960 tu, na ampea ni zilezile 20.

Lakini hata hizo 1,440 zina masharti. Betri za risasi na asidi za aina hii hupimwa ujazo kwa kunyonywa taratibu, ampea 10 kwa saa mbili. Ukipakia watu wawili na kapu, ukakaza mwendo barabara ya Bagamoyo, mota inaweza kuvuta ampea 25 na zaidi, na betri ikinyonywa haraka hutoa pungufu ya ilivyoandikwa. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hilo tangu mwaka 1897.

Shemeji hakukubali kushindwa. Mita ilikuwa imeonyesha betri moja iko chini kuliko wenzake, basi akaenda kununua moja mpya, kubwa, ya ampea 32, akaifunga katikati ya zile tano kuukuu. Fedha ile ilipotea. Kwenye mfululizo, aliye dhaifu ndiye anayeamua safari inaishia wapi. Mpya na kubwa haiwezi kutoa zaidi ya wale tano walivyobakiza. Skuta ikaishia karibu palepale.

Wakati huohuo mama mkwe alianza kunung’unika kwamba chombo hiki ndicho kinachomaliza LUKU. Nikaamua mita ya nyumba itoe ushahidi. Skuta ikatembezwa hadi ikazima, tukazima taa zote, feni, friji, kila kitu, tukaacha chaja peke yake, na binti akaandika uniti zilizobaki. Watoto walilala sebuleni mlango wazi kwa joto. Chaja ilipogeuka kijani usiku wa manane, mita ilikuwa imepungua uniti moja kasoro kidogo. Toa kiasi cha robo kinachopotea kama joto kwenye chaja na ndani ya betri, kinabaki kama nusu tu ya 1,440.

Hapo kila kitu kilikaa mahali pake. Skuta haikuwa inakula LUKU, haikuwa na tumbo la kulia. Betri zote zilikuwa zimechoka, na kibandiko kilikuwa kinasema habari za siku zilipotoka kiwandani.

Tulibadilisha zote sita kwa pamoja, za aina moja, na zile tano pamoja na ile kubwa ya shemeji zikaenda kwa fundi, kwani risasi si kitu cha kutupa jalalani penye watoto. Sasa skuta inapeleka oda zangu za vileja Boko na Bunju na kurudi.

Wewe unayepanga kununua, usitoe fedha kwa namba moja. Muuzaji akuandikie volti za boksi zima na ampea-saa zake, zidisha mbele yake, uliza betri zina umri gani, kisha endesha hadi uone inaishia wapi. Akikataa usiendeshe, mwachie skuta yake.