Maradhi ya Gurudumu la Mbele

Izara niliyoipata jana adhuhuri kituoni Mtoni Mtongani bado inanichoma masikioni, na kwa kuwa walioishuhudia ni wengi na wana ndimi nyepesi, naona ni heri niisimulie mwenyewe kabla haijafika nyumbani ikiwa imetiwa chumvi. Nilikuwa nimempakia bwana mkwe wangu, mzee wa kanzu na kofia ya viua, tukielekea mjini kwenye khitima ya jamaa. Na pikipiki yangu, ambayo ikienda taratibu ni mpole na msikivu, ilipofikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa ilianza kuutikisa usukani kwa ghadhabu, hata viganja vikanifa ganzi, vioo vya pembeni vikanionyesha malori mawili palipokuwa na moja, na nyuradi alizokuwa akizivuta mzee nyuma yangu zikakatikakatika kinywani mwake pasipo ridhaa yake. Akanigonga bega. Nikasimama, na kwa bahati mbaya isiyo na mfano nikasimama mbele ya kijiwe cha bodaboda. Mzee aliteremka kwa taadhima, akakung'uta kanzu, akavua helmeti, akaitoa kofia yake mfukoni na kuivaa sawasawa, kisha akanena kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika katikati ya kelele za karakana: "Mwanangu, nimebakiwa na meno machache, nami nayapenda yote. Nitapanda daladala."

Kijiwe kizima kikalipuka. "Bosi, mrudishie mzee nauli yake!" akapiga ukelele mmoja wao, na abiria waliokuwa kituoni wakanitazama kwa jicho la kudai haki, ilhali mzee sikuwa nimemtoza hata senti.

Huo mtetemo ni elimu pana, na lau ungalifundishwa shuleni ningaliupenda kuliko jiografia. Gurudumu la pikipiki kama yangu, lenye ringi ya inchi 18, huvuka kiasi cha mita 1.9 kila linapotimiza mzunguko mmoja. Basi mwendo ukiwa kilomita 50 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 7 katika kila sekunde, na likiwa na dosari moja tu, kwa mfano ringi iliyopinda, dosari hiyo huugonga usukani kwa hesabu hiyo hiyo. Usukani nao, pamoja na shokapu na kila kilichofungwa hapo, una tabia yake. Mstari wa shingo yake ukiuendeleza kwa mawazo mpaka chini, huigusa barabara mbele kidogo ya mahali tairi linapoigusa. Kwa hiyo tairi hukokotwa nyuma ya mstari huo, na likisukumwa kando hulazimika kurudi, walakini katika kurudi hupitiliza, likarudi tena kutoka upande wa pili, na mondoko huo wa huku na huku aghalabu ni wa baina ya mara 4 na mara 10 kwa sekunde. Zikikutana hesabu hizo mbili, ya dosari na ya tabia, hutokea kile kinachomtokea mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila inapofika ukingoni: nguvu ya mkono haikuzidi, lakini kimo kinazidi. Ndiyo sababu pikipiki hutetemeka kwenye kilomita 50, ikatulia kwenye 75 ambako mtu mwenye familia hana shughuli, na ndiyo sababu fundi anayeijaribu uchochoroni kwa mwendo wa 20 hurudi akitabasamu na kukuapia kwamba haina neno.

Mafundi wa mtaani petu ni mahodari wote, ila kila mmoja huyaona maradhi katika kiungo kile ambacho yeye anayo spea yake. Mwenye kuuza mpira wa kuzuia oili alisema shokapu inavuja. Mwenye kopo la gololi aliutikisa usukani, akafumba macho mfano wa tabibu anayesikiliza mshipa, akatangaza kwamba vikombe vya shingo vimeliwa. Mwenye tairi alisema tairi. Wote niliwalipa, na wote, kwa kipimo kidogo, walisema kweli, maana katika pikipiki iliyokwisha kuzeeka huwezi kukosa ila mahali popote unapoelekeza kidole. Mtetemo haukutoka.

Kisha likaja suala la beringi, nalo ndilo lililonipeleka katika maarifa ambayo sikuyaomba. Beringi za gurudumu langu zimepigwa mhuri wa 6301, na namba hiyo si ya kubuni: 6 huarifu kwamba ni beringi ya gololi zinazokaa katika mfereji wenye kina, 3 hutaja daraja la ukubwa wake, na 01 humaanisha tundu la milimita 12. Lakini 00 ni milimita 10, na 02 ni 15, na 03 ni 17, na ukifika 04 ndipo kanuni inapostaarabika, ukawa unazidisha kwa 5 na kupata jawabu mpaka uchoke. Nimeikariri hesabu hii yote mimi ambaye huyasahau majina ya shemeji zangu. Beringi zangu mpya ziliingia, zikanguruma, zikafa. Zikaingia nyingine, nazo zikafa. Na kila zilipokufa fundi alinishauri nati ya ekseli isikazwe sana, jambo ambalo sasa, nikilikumbuka, nywele hunisimama.

Beringi hizo niliuziwa katika boksi la nembo mashuhuri ya ng'ambo, lenye karatasi ya kumeta na maandishi ya lugha nyingi, na ndani yake mlikuwa na chuma laini kilichopakwa tone la grisi. Hapa kicheko kinanikauka. Mimi nikianguka, nitaumia goti. Lakini kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki ya mkataba, ambaye jioni ni lazima ampelekee tajiri hesabu yake hata kama mvua ilinyesha mchana kutwa, huinunua beringi ile ile kwa imani ile ile, na usiku humpakia mwanamke mwenye uchungu wa uzazi ampeleke zahanati. Maboksi hayo hayaingii nchini yakiwa yamefichwa kwapani. Huingia kwa makontena, kwa milango inayofunguliwa na watu wenye funguo na mishahara. Na siku ajali ikitokea, atakayeulizwa leseni na helmeti ni kijana. Boksi haliulizwi lilikotoka. Ndivyo ilivyo hata watu wenye akili zao timamu wakafikia kuamini, na mimi ni mmoja wao, kwamba spea ya mtumba iliyokwisha kutembea nusu ya umri wake ni salama kuliko mpya iliyozaliwa maiti.

Tumrudie mzee. Bwana mkwe wangu alizimaliza nguvu za ujana wake katika karakana za reli, mahali ambapo gurudumu lilipigwa nyundo na kusikilizwa mlio kabla ya kuruhusiwa safari, na kwa watu wa mila hiyo kulipita gurudumu gonjwa pasipo kulisalimu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo, daladala ikiwa imekwisha kusimama na utingo akipiga bati kwa pupa, alinitaka niinyanyue pikipiki mbele, akaliviringisha gurudumu kwa ncha ya bakora. Lilizunguka kidogo, likasita, likasimama. "Chuma hakikatai kuzunguka bila ya kuwa na neno," akasema. "Legeza nati, kisha ukaze, ulitazame." Akapanda, akaenda zake khitimani, ambako mimi sikufika.

Nilikwenda Gerezani. Fundi wa kandoni mwa njia alilegeza nati, gurudumu likazunguka kwa raha zake, akaikaza, likakwama. Akaichomoa ekseli, nikatia kidole tunduni, na pale ambapo palipasa pawe na chuma hapakuwa na kitu. Baina ya beringi mbili za gurudumu hukaa kibomba cha chuma, kirefu kiasi cha kidole cha kati, kisichoonekana, kisichozunguka, na kisichosifiwa na mtu yeyote. Kazi yake ni moja: nati inapokazwa, nguvu yake hupita kutoka mguu mmoja wa shokapu kwenda pete ya ndani ya beringi, kutoka hapo kwenda kwenye kibomba, kutoka kwenye kibomba kwenda pete ya ndani ya beringi ya pili, hata mguu wa upande wa pili, vikawa vyote nguzo moja iliyoshikamana, na gololi zikabaki huru. Kisipokuwapo, nati huzivuta pete hizo zikaribiane, gololi zikabanwa ubavuni na kusagika. Na ukilegeza ili kuzihurumia, gurudumu huyumba. Katika mafundi niliowapa heshima na fedha zangu, mmoja alikiangusha mchangani, akaona mashine imefungika bila yake, akakihesabu kuwa ni ziada ya kiwandani.

Maduka yote ya spea yalinipa jibu moja: hicho hakiuzwi peke yake. Mchonga vyuma mmoja alijitolea kukata kipande cha bomba la maji kwa msumeno na kukinyoosha kwa tupa, kipimo kikiwa jicho lake; nikamshukuru. Ndipo nikafika kwenye kibanda cha vipuri vya mtumba, ambako magurudumu yalitundikwa kwenye misumari kutoka sakafuni mpaka darini, na mwenye kibanda alinipokea kwa shikamoo ya heshima iliyonitia shaka papo hapo.

"Hili hapa, mzee wangu, lilikuwa la sista wa misheni. Jumapili tu, kanisani na kurudi."

Kama ni hivyo basi kanisa hilo lilikuwa machimboni, maana udongo mwekundu ulikuwa umeganda mpaka ndani ya habu. Akapitisha bisibisi tunduni, akalisukuma gurudumu kwa nguvu zake zote, likazunguka kwa kasi ambayo macho ya binadamu hayawezi kuona chochote ila ukungu mzuri wa fedha. Nikamwomba alizungushe taratibu. Nikatoa mfukoni kipande cha chaki, nikakisogeza ukingoni mwa ringi, nikakishikilia pale pasipo kutetereka. Ringi iliyopinda huigusa chaki mahali pale tu ilipobenuka, ikajiandika yenyewe aibu yake, na vitabu vya watengenezaji aghalabu huweka kikomo cha milimita 2.

"Mzee," akasema, "unanunua gurudumu au unaoa?"

Nikamjibu kwamba nilipooa sikuruhusiwa chaki.

Alama ilikuwa fupi na hafifu, nikafurahi, nikageukia spoku. Na hapo naungama udhaifu wa moyo, kwani spoku hunisahaulisha kilichonileta. Sir George Cayley, Mwingereza aliyeota habari za ndege kabla ya ndege, alifikiri mwaka 1808 habari ya gurudumu lililoshikwa kwa nyaya zilizovutwa, na mwaka 1874 James Starley akazipatia spoku mpango wa kupishana ubavuni mwa habu, badala ya kuchomoza moja kwa moja kutoka katikati, ili nguvu ya kuzungusha na ya kufunga breki ipate njia ya kupita. Waya mwembamba ukiusukuma hupinda, lakini ukiuvuta hubeba uzito wa ajabu. Basi spoku zote 36 huvutwa tangu mwanzo, pikipiki ikiwa haijapandwa na mtu, na uzito unapokuja zile za chini hulegea kidogo tu pasipo kulala. Anayenyoosha ringi hulegeza upande huu robo ya mzunguko, akakaza upande wa pili robo ya mzunguko, na akizidisha pupa hulitoa gurudumu likiwa na umbo la yai. Nilizigonga zote kwa ufunguo, moja baada ya nyingine. Zilizokazwa hulia kwa sauti kali. Moja ilitoa mlio wa kikohozi, nikamwonyesha, akasema hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa sana na sista.

Alianzia 60,000. Baada ya viapo, baada ya mimi kuondoka na kuitwa, baada ya kunitajia watoto wake na mimi kumtajia wangu, tulikubaliana 35,000. Nikalipa, nikamwomba kijana wake anigongee beringi zitoke. Akaingiza nondo, akapiga nyundo, beringi ikaruka, na nyuma yake kikaanguka sakafuni, kikiwa cheusi kwa grisi kavu, kibomba changu. Nikakiokota, nikakifuta kwa leso.

"Mzee wangu," akasema mwenye kibanda, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kweli, "umenunua gurudumu zima kwa ajili ya hicho?"

Fundi wa njiani alikitia mahali pake pamoja na beringi ambazo safari hii nilizilipia bei ya kuniuma; nati ikakazwa mpaka mwisho, na gurudumu likazunguka hata tukachoka kulitazama. Ulisalia mtetemo mdogo, kumbe tairi halikukaa sawa kwenye ringi. Likapakwa povu la sabuni, likajazwa upepo, likakaa.

Gurudumu la sista sikuwa na haja nalo. Nililirudisha, na mwenyewe akakubali kulichukua kwa 15,000. Akazigongomea mle zile beringi kuukuu, akalipangusa, akalitundika kwenye msumari wake. Nikamwuliza kama atamwarifu mnunuzi ajaye kwamba ndani hamna kibomba.

"Uliniuliza ringi, uliniuliza spoku, ukanitolea na chaki," akasema. "Kibomba hata wewe hukukiuliza."

Akanihesabia fedha zangu, noti moja ikiwa imeungwa katikati kwa selotepu, akaniapia kwamba ni orijino.