Sifa za Mheshimiwa Bluegill

Papa ana wa kumwogopa, changu ana wa kumtafuta sokoni. Bluegill, kisamaki cha maji baridi cha Amerika ya Kaskazini, hana hata mshairi mmoja. Basi nimejitolea.

Kumtambua si kazi. Mara nyingi hazidi kiganja. Ni bapa, ana mistari ya wima ubavuni, ncha nyeusi kwenye kifuniko cha mashavu, na doa jeusi nyuma ya pezi la mgongoni. Kinywa chake ni kidogo, na hapo ndipo hila ilipo: nani amshuku mwenye kinywa kidogo kuwa anakula mayai ya jirani?

Ila tazameni ndoa yake! Dume mkubwa huchimba kiota mchangani kwa mkia, katika mtaa mzima wa viota, kisha huyapepea mayai na kufukuza wezi. Katika Ziwa Opinicon, Kanada, dume wa namna hiyo hungoja kama miaka 7 ndipo awe baba. Wasiopenda kungoja hukomaa na miaka 2 tu. Hujificha majanini, na jike anapotaga huchomoka, humwaga mbegu na kutoweka. Wakikua kidogo huiga rangi na mwendo wa jike, wakajipenyeza katikati ya maharusi kwa heshima zote. Mwenye nyumba hulea wote. Wapo wanadamu waliojaribu hivyo, wakaishia mahakamani kudaiwa matunzo.

Na katika diplomasia hana mfano. Mwaka 1960 Mwanamfalme Akihito wa Japani, mwenyewe mtaalamu wa samaki, alizuru Marekani; Richard J. Daley, meya wa Chicago, akamzawadia bluegill. Wakapelekwa Japani, wakakabidhiwa watafiti wa uvuvi, wafugwe wawe kitoweo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema; huyu alifika hadi Ziwa Biwa, na samaki wenyeji hawajapona. Mwaka 2007 Akihito, wakati huo akiwa Mfalme, alikiri hadharani kwamba jambo hilo linamuumiza moyo. Zawadi gani nyingine ya meya imefika mbali hivyo? Tangu 2005 sheria ya Japani inakataza kumfuga au kumsafirisha akiwa hai.

(Sisi huku Kenya tulipewa binamu yake, bass mwenye kinywa kikubwa, aliyetiwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili wavuvi wa starehe wajifurahishe. Huyo hata hajisumbui kuficha kinywa.)

Nyama ya bluegill, nimtendee haki, ni nyeupe na tamu. Msomaji, ukizawadiwa mmoja ugenini, mpokee kwa mikono miwili, lakini sisitiza awe amekaangwa.