Usalama wa Fulana na Pilau
Ukitaka ajali zipungue kiwandani bila kugusa mashine hata moja, ahidi zawadi. Tundika getini ubao wa kuhesabu siku bila ajali, tangaza kwamba zikifika mia kila mtu atapata fulana na pilau, kisha uone vidole vinavyopona haraka. Aliyekatwa na msumeno hufunga kitambaa, akatia mkono mfukoni na kusubiri muda wa kutoka, maana nani athubutu kuwakosesha wenzake pilau? Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa kampuni za BP na Transocean walikuwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, wakiwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumkosesha mtu hata siku moja ya kazi. Usiku huo kisima kililipuka, watu 11 wakafa. Mwaka uliofuata Transocean iliutaja 2010 kuwa mwaka wake bora kabisa kwa usalama, na vigogo wakapata bonasi ya usalama. (Baada ya kelele, waliitoa kwa mfuko wa familia za marehemu.)

Watasema bila motisha mfanyakazi havai kofia ngumu. Haya, motisha iwepo, ila apewe anayeripoti waya uliochubuka, au anayezima mashine kabla haijamla mtu. Hapo ndipo meneja hukunja uso: ripoti ya namna hiyo inadai fundi, fundi anadai hela, na uzalishaji unasimama nusu siku, ilhali fulana za jumla Kariakoo ni bei poa.