Bibi Mmoja, Vifo Vitatu

Mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake akitaka nafasi kwenye jukwaa la kutisha na kuchekesha, sharti kwanza aote meno. Masharti hayo ni ya tangu 1872, Mwairishi Sheridan Le Fanu alipomwandika Carmilla: mrembo, mpole, mnyonya damu. Dracula kaja miaka 25 baadaye, sifa zote kabeba yeye. Carmilla kaambulia kigingi kifuani, kisha kukatwa kichwa, kisha kuchomwa moto. Maana kifo kimoja kisingetosha, eti?

Mwaka 1984, East Village, New York, Charles Busch akaleta mchezo wa kuigiza, Vampire Lesbians of Sodom. Mabibi wawili wasiokufa wanazozana kutoka Sodoma hadi Hollywood hadi Las Vegas, na ugomvi mkubwa ni nani staa. Mapenzi yenyewe utayatafuta kwa tochi. Mwaka 1985 mchezo ukahamia Provincetown Playhouse, ukadumu miaka mitano, watu hoi kwa kicheko. Na mmoja wa mabibi hao kaigizwa na nani? Busch mwenyewe, na wigi lake. Alipendeza, tusimnyime haki yake. Lakini wanawake wenyewe je?

Wenyewe walikuwa East Village hiyohiyo, WOW Café, ukumbi ulioanzishwa na wanawake miaka hiyohiyo ya 80. Peggy Shaw na Lois Weaver walikuwa miongoni mwa waasisi, na walichekesha bila kumng'ata mtu shingo. Ukumbi upo mpaka leo, East 4th Street. Ukipita New York, kata tiketi.