Niliitwa Kusaini Kwamba Sipo

Mwaka mzima pale ofisini mimi si mtu. Nikiomba kiti kingine, maana changu kina mguu unaoyumba, naambiwa bajeti haijakaa vizuri. Nikitoa wazo kikaoni, watu wanatazama dari. Dakika tano baadaye jirani yangu analirudia lilelile kwa sauti nene, anapigiwa makofi. Lakini ngoja nijaribu kwenda likizo. Hapo hapo nageuka nguzo. Nikitoka tu, paa linashuka.

Sheria naijua, nimeisoma kwa uchungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 28 mfululizo kila mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwa humo humo. Sina ugomvi na hizo 28. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno "mfululizo". Aliyeliandika, ni wazi hakuwahi kuwa na bosi mwenye kifurushi cha dakika.

Safari hii niliuchagua mwezi wa pili makusudi. Mwezi siku 28, likizo siku 28, hapo mtu atakosea vipi hesabu? Nikaandika makabidhiano ya kurasa tatu: funguo zipi za kabati lipi, faili lipi la nani, printa ikigoma ipigwe kofi upande gani. Nikamkabidhi kijana aliyeteuliwa kunikaimu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nenda kapumzike, kaka. Hapa usiwe na wasiwasi kabisa."

Nikapanda basi na mke wangu na watoto, tukaenda kwa mama, Mlalo, kule juu Usambara, ukishaipita Lushoto. Nilikuwa na kazi moja tu: mabati ya jikoni kwa mama yalikuwa yameoza, na masika hayana urafiki na mtu.

Siku ya kwanza simu haikulia. Ya pili vilevile. Nisiwadanganye, nilianza kujisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyeachwa. Siku ya tatu, niko juu ya paa, misumari mdomoni, ikalia.

"Samahani kaka, najua uko likizo, ila..."

Jamani, hilo "ila" lichunguzeni vizuri. Yote yanayolitangulia ni adabu tu, kama kubisha hodi wakati mguu mmoja umeshaingia sebuleni. Ila ya kwanza ilitaka kujua karatasi za printa ziko wapi. Ziko juu ya printa. Ila ya pili ilitaka neno la siri la kompyuta yangu. Nikalitaja herufi moja moja, kwa sauti, kwa sababu mtandao wa kule unapenda kupigiwa kelele, huku mkono mmoja umeshika kenchi. Majirani wa mama walilisikia lote. Nadhani hata watoto wao wanalijua. Ila ya tatu ilitoka kwa mhasibu: kile kikombe cheupe chenye maua ni changu au ni cha ofisi?

Nikazima simu.

Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni yenye wafanyakazi 50 na kuendelea inatakiwa na sheria ijadiliane nao kuhusu haki yao ya kutosumbuliwa na simu na barua pepe za kazi wakiwa mapumzikoni. Sisi hatujafika huko. Kwetu ukizima simu, anapigiwa mkeo. Namba yake ipo kwenye fomu niliyojaza siku ya kuajiriwa, pale palipoandikwa "mtu wa kutafutwa ikitokea dharura". Mimi nilidhani dharura yenyewe ni mimi kugongwa na bodaboda.

"Shemeji, za huko milimani? Huyo bwana yupo karibu?"

Alikuwa bosi mwenyewe. Mke wangu akaileta simu hadi chini ya ngazi, kaishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya.

"Kuna dharura," bosi akasema. "Wakaguzi wako hapa. Kesho kutwa asubuhi uwe umefika."

"Dharura gani, mkuu?"

"Si ya kuongea kwenye simu."

Mtu aliyeambiwa hivyo halali. Usiku kucha nilihesabu dhambi zangu za kiofisi tangu nilipoajiriwa. Kuna rimu moja ya karatasi ambayo shule ya watoto iliitaka na duka lilikuwa limefungwa. Kuna safari ya Morogoro ambayo nilikula chakula cha mtu mmoja, risiti ikaandikwa kana kwamba tulikuwa ukoo mzima. Kufika majogoo ya kwanza nilikuwa nimeshajihukumu na kujifunga.

Mama peke yake ndiye aliyefurahi. "Kumbe bila wewe hawawezi, baba!" Kabla ya magharibi majirani wote walikuwa na habari kwamba ofisi ya Dar imefungwa mpaka mwanawe afike. Nilitaka kumweleza ukweli, kwamba ofisi hiyo hiyo imeshindwa kuninunulia kiti. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alijivunia mimi namna ile? Nikameza. Alfajiri akaniletea kiroba cha mapeasi, amekifunga kwa kamba ya mgomba. "Mpelekee mkubwa wako. Mwambie mama yangu anashukuru unavyonithamini."

Mabati matatu yakabaki chini, yameegemea ukuta.

Basi la alfajiri linateremka kona kwa kona, Lushoto, Soni, hadi Mombo, ambako masikio yanazibuka na joto linakuzaba kibao. Halafu Korogwe, Segera, Chalinze. Njia nzima kiroba nimekipakata, maana mapeasi hayataki kugongana. Jioni nikashuka stendi ya Magufuli, pale Mbezi. Nauli imetoka mfukoni mwangu, na mgongo ulikuwa kama nimeuazima kwa mtu anayeudai.

Asubuhi, saa moja na nusu, niko getini na kiroba changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mlinzi akavaa miwani, akafungua daftari, akateremsha kidole polepole, jina kwa jina, hadi kilipogota. "Wewe uko likizo."

"Ndiyo mzee, ila nimeitwa."

"Aliyekuita hajaniandikia. Hapa imeandikwa mpaka mwisho wa mwezi. Kitu kikipotea humo ndani leo, nitaulizwa mimi nilimruhusu vipi mtu wa likizo kuingia."

Nikampigia bosi. Hakupokea, yuko kikaoni. Nikampigia kijana anayenikaimu, simu yake inatumika. Nikapiga tena, bado inatumika. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule alikuwa ananipigia mimi.

Nilikaa dakika arobaini kwenye benchi la mlinzi, nikitazama wenzangu wanaingia. Wanane walinisalimia. Sita kati yao walisema, "Umependeza, likizo imekukubali."

Hatimaye akatoka dada wa utumishi na karatasi mkononi. Sikupata hata nafasi ya kuingia ndani kuungama ile rimu. "Afadhali umefika, kaka! Saini hapa."

Ilikuwa fomu yangu ya likizo. Nakala ya kwanza nilisaini, ya pili nilisaini, ya tatu, ambayo hukaa kwenye faili, ilinipita. Mkaguzi akaona kiti kitupu, akaomba karatasi inayoeleza utupu huo, karatasi ikakosekana saini. Kwa hiyo nimetolewa likizo, nimeteremshwa kutoka Usambara mpaka pwani, nije nithibitishe kwa mkono wangu mwenyewe kwamba niko likizo.

"Hamkuweza kunitumia hiyo karatasi kwa simu, nisaini, niwarudishie picha?"

"Mkaguzi anataka wino."

Nikasaini. Kisha nikauliza, kwa unyenyekevu wote nilioubakiza, kama siku nilizopoteza njiani na pale getini zitarudishwa.

Akaitazama fomu, akanitazama mimi. "Zirudishwe vipi? Kwa mujibu wa hii uliyosaini sasa hivi, wewe leo hukuwepo hapa."

Wakati huo bosi akapita anakimbilia gari. "Oo! Umesharudi likizo? Ulipumzika vizuri?" Macho yake yakateremka hadi kwenye kiroba. "Umetubebea nini huko?"

"Misumari," nikasema.

Sijutii. Gari lilipotoka nikakibeba kiroba hadi kwa mzee wa getini, nikakiweka mezani kwake. Akafungua, akanusa, akashukuru, kisha akarudi kwenye daftari kuandika saa niliyotoka. Nikachungulia. Kwenye safu ya cheo, badala ya kile ninachokidai na kuzungushwa, ameandika "mgeni". Katika jengo lile lote nimemkuta mtu mmoja tu anayelijua neno "mfululizo", na analipwa kidogo kuliko sisi sote. Mwaka kesho, pale kwenye mtu wa kutafutwa ikitokea dharura, nitaandika namba yake.

Nauli ya kurudi Mlalo mara ya pili sikuwa nayo. Likizo iliyobaki niliimalizia Kimara, mapazia nimeyafunga, nisije nikaonekana dukani nikaambiwa kwa kuwa nipo mjini, nipite mara moja. Kijana alipiga siku mbili baadaye. Karatasi za printa zilikuwa zimekwisha tena, au labda zilikuwa juu ya printa, hakuwa ameangalia.

Wiki iliyopita mama naye akapiga. Masika yameingia. Amepanga sufuria tatu jikoni kukinga maji, kila bati na sufuria yake. Hakulalamika hata kidogo. Alitaka tu kujua kama ofisi imefunguliwa.

Nikamwambia imefunguliwa, mama. Nilipofika tu, ikafunguliwa.