Kipilefti cha Brutus

Hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Caesar nilipewa mimi kwa sababu moja tu: nina sauti. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na watu wenye kumbukumbu kunizidi, ila hakuna aliyesikika hadi benchi la nyuma bila kipaza sauti. Mwongozaji akanikabidhi Juliasi Kaizari na wiki tatu.

Nikaona kazi ndogo. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo huo wa Shakespeare mwaka 1963, akaipitia upya ikatoka tena 1969, na wakati wote huo alikuwa rais. Mtu ana nchi ya kuendesha na bado amepata wasaa wa kuufasiri mchezo mzima, mimi nisiye na hata kuku wa kulisha nishindwe kukariri kurasa chache?

Nilishindwa.

Shida ya hotuba ile ni kibwagizo. Antony hakuruhusiwa kuwalaumu wauaji, kwa hiyo anamsifu Brutus, mmoja wao, kuwa mtu wa heshima, anachomeka jambo la kumuumbua, kisha anamsifu tena. Mara nne katika kipande kifupi! Kwa msikilizaji ni utamu mtupu. Kwa anayekariri ni kipilefti: unaingia vizuri, unazunguka, hujui utokee njia ipi, mwisho unajikuta ulikotoka.

Wiki ya pili nikagundua kuwa maneno yananasa nikiwa nafua. Nafua kwa mikono, uani, kwenye beseni la plastiki. Mstari mmoja, shati moja. Nikifika kwenye kibwagizo nakamua, na kila mkamuo una njia yake ya kutokea. Suruali ya jinzi, ile ngumu ya kukamua mara mbili, ndiyo ilikuwa sehemu ya wosia wa Caesar. Nguo chafu zikiisha, nafua safi. Kola zilianza kuchanika kabla sijaimaliza hotuba.

Sasa, nyumba yenyewe ni ya kupanga, vyumba sita, na uani ni pa wote. Jumamosi moja nilifika pale Antony anapozidiwa na huzuni hata akanyamaza kidogo. Nikalia kama nilivyoagizwa, kwa sauti ile ile niliyopewa kazi kwa ajili yake, kisha nikageuka kuanika. Mama wa chumba cha mwisho alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga khanga kiunoni, na nyuma yake majirani wanne, mmoja ameshika daftari.

"Pole sana, baba. Tumesikia. Marehemu ni nani?"

"Caesar."

"Mzungu?"

"Mroma."

"Ni Mkatoliki," akamwambia mwenye daftari. "Andika. Na kilichomuua?"

"Visu, mama. Rafiki zake."

"Yesu wangu! Vijana wa siku hizi."

Kueleza kulichukua nusu saa. Shilingi elfu kumi na nne zilikuwa zimeshachangwa, na yule mama akakataa katakata kuzirudisha: mchango wa msiba, alisema, haurudi mfukoni. Zikawa kiingilio.

Kwa hiyo siku ya onyesho walijaa safu ya mbele. Nilianza vizuri. Nikaingia kipilefti, nikatoka njia ya kwanza, nikatoka ya pili. Ndipo nikaitazama mikono yangu: mikavu, mitupu, inaning'inia tu. Maneno yakakauka nayo. Nikamsifu Brutus, nikasubiri, nikamsifu tena. Mara ya sita watu wa nyuma wakaanza kumpigia makofi kama anagombea udiwani. Caesar, aliyelala miguuni pangu kafunikwa shuka, akaninong'oneza mstari, ila akanipa uliokwisha pita. Nikazunguka mara ya saba.

Nikainama, nikashika ncha ya shuka, nikakamua.

Mstari ukaja. Nikakamua tena, ukaja mwingine. Shakespeare alipanga vazi la maiti lifunuliwe baadaye, watu waonyeshwe majeraha. Mimi nilipofika kwenye wosia, Caesar alikuwa wazi hadi magotini, na kandambili zake za bluu alizosahau kuvua zinatazama watazamaji. Sikujali. Nilikamua hadi mwisho.

Mama wa chumba cha mwisho alinifuata nyuma ya jukwaa, macho mekundu, khanga imelowa machozi.

"Huo ndio uchungu, baba," akasema. "Umekamua hadi sanda."