Sifa za 0169

Ashukuriwe aliyeamua kwamba Mkamba akitaka kuandika ũ kwenye Microsoft Word apige kwanza 0169, kisha abonyeze Alt pamoja na X. Kwa ĩ ni 0129. Kikamba kina irabu saba, kibodi zinazouzwa mjini Kitui zina tano, na mbili zilizobaki zimetunzwa kwa namba kama wageni wa hoteli.

Mreno na Mhispania hawakujaliwa heshima hiyo. Wao hubonyeza Ctrl, Shift na kiwimbi (~), kisha a, n au o, na herufi yao inatoka bila jasho. Njia hiyo ya mkato haiijui i wala u. Bila shaka walioipanga walisikia kwamba watu wa Mwingi na Wote wana vichwa imara, hawahitaji kubebwa.

Busara yao haikuishia hapo. Ctrl+I hulaza maandishi, Ctrl+U huyapigia mstari. Irabu zile zile zilizonyimwa kiwimbi ndizo zilizokabidhiwa mlazo na mstari! Kwa hiyo anayeshindwa kuandika mũndũ anaweza, kwa sekunde moja, kulipigia mstari kosa lake.

Faida kubwa inaonekana kwenye saiba. Mama analeta ratiba ya mazishi aliyoiandika kwa kalamu, viwimbi vyote mahali pake, na kumwambia kijana, “Mwanangu, usiniharibie jina la mzee.” Kijana anatoka jasho. Akighafilika, akashikilia Alt huku akipiga 0169 kwenye vitufe vya namba vya upande wa kulia, Windows humpa ©. Mũndũ anakuwa m©nd©, na marehemu anazikwa haki zake zote zikiwa zimehifadhiwa.

Hata anayefuata njia sahihi hajasalimika. Namba ikitanguliwa na herufi yoyote kati ya a na f, Word inaweza kuidhania herufi hiyo kuwa sehemu ya namba, ikatoa kituko au isitoe chochote kinachoonekana. Dawa ni kuacha nafasi, kubadilisha, kisha kurudi kuiziba nafasi. Anayeyajua haya yote hafukuzwi kazi. Nani atamrithi?

Wapo wavivu wanaochapa bila viwimbi na kusema msomaji ataelewa. Wapo pia wanaochapa kwanza, kisha wakapitia nakala moja moja kwa kalamu ya wino, hao nawaheshimu. Musyi FM nayo huandika jina lake bila viwimbi vya mũsyĩ, lakini redio ina udhuru: haisomwi, inasikilizwa.

Wenye haraka wakumbushwe kwamba mmisionari Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na mwaka 1850 Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapwa Tübingen, Ujerumani. Kikamba kimekaa kwenye karatasi zaidi ya miaka 170. Kibodi bado inatafakari, na jambo zito halitafakariwi mbio.

Ila kuna hatari inayonyemelea utukufu huu. Wakikuyu nao wanaandika ĩ na ũ, na kwenye Linux mpangilio wa kibodi ya Kikuyu upo tayari. Mkamba yeyote mwenye Linux anaweza kuuwasha leo kwenye mipangilio ya kompyuta yake, bila kulipa hata shilingi. Tafadhali, habari hii isifike Wote.